NYAYA NA MAWIMBI: JINSI HABARI ZINAVYOSAFIRI KATIKA MTANDAO WA KOMPYUTA

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Mwaka huu mlezi wetu aliniomba niandike makala ya somo, wala si shairi kama nilivyozoea. Nilimuuliza, "Somo gani, mwalimu?" Akanijibu, "Lile lililokuuma." Nilijua mara moja alichomaanisha. Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami tangu mwezi wa Mei mwaka jana, nikiona waya umening'inia baina ya majengo mawili, moyo hunidunda.

Wengi wenu mwakumbuka. Ofisi ya walimu ilikuwa na intaneti, lakini maabara ya kompyuta haikuwa nayo. Fundi mmoja aliitwa, nasi wanafunzi watatu tukateuliwa kumsaidia. Tuliuvuta waya kutoka ofisini, tukaufunga kwenye mikaratusi, ukapita nyuma ya jikoni, ukaingia maabara kwa dirishani. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Nilipokuwa nikitembea kando ya waya ule nilihesabu hatua zangu, nikapata kama mia moja na sabini hivi.

Sasa nisikilizeni. Muhula wa kwanza tulikuwa tumeulizwa katika mtihani urefu ambao waya wa aina hiyo haupaswi kuupita. Niliandika "mita 100" na nikapewa alama zangu. Hatua mia moja na sabini za mtu wa kimo changu zinapita mita 100, hilo halihitaji kikokotoo. Lakini pale chini ya mikaratusi sikusema kitu. Kwanza, niliogopa kuonekana mjuaji mbele ya fundi. Pili, na hili ndilo linaloniaibisha zaidi, nilidhani mita 100 ni kitu cha mtihani tu, si kitu cha mikaratusi na jikoni.

Wiki ya kwanza intaneti ilikuja ikipotea, ikaja ikapotea. Wiki ya tatu, alasiri moja, mvua ilinyesha kama kawaida ya huku kwetu, radi ikapiga mkaratusi mmoja. Haikuugusa waya. Hata hivyo swichi iliungua, na kompyuta nne zikafa papo hapo. Katika mojawapo ya kompyuta hizo mlikuwa na kazi ya mradi wa mtahiniwa mmoja wa kidato cha nne. Alikuwa ameandika programu ya kuhesabu mali ya duka, na hakuwa na nakala nyingine popote. Nilimwona ameketi kwenye ngazi za maabara, ameshika tama, mvua ikimnyeshea miguu. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie.

Makala haya basi ni deni ninalolipa. Nimejaribu kuyaandika kwa namna ambayo mtu akiyasoma hatakariri tu, bali ataelewa.

1. MAANA YA NJIA ZA UPITISHAJI

Likizoni nilimweleza nyanya yangu, ambaye sisi nyumbani humwita magokoro, kwamba najifunza jinsi kompyuta zinavyopelekeana habari. Akaniuliza, "Zinapelekeana kwa nini?" Nikamwambia ziko njia mbili, ya waya na isiyo ya waya. Alinyamaza kidogo akichambua mboga, kisha akasema: "Mjukuu wangu, hilo si jipya. Zamani ukitaka kumwambia jirani aliye kilima cha pili jambo, ulikuwa na njia mbili. Unamtuma mtoto apite kwenye kijia, ama unasimama uani ukapaza sauti."

Nilistaajabu, maana magokoro hakuingia darasani hata siku moja. Mtoto anayetumwa hupita kwenye kijia tu. Ujumbe wake haumfikii mwingine, lakini mto ukifurika na kukata njia, hafiki. Anayepaza sauti hahitaji kijia wala daraja, lakini bonde zima litamsikia, na mvua ikinyesha au wengine wakipiga kelele, maneno hupotea. Mkiushika mfano huu vizuri, nusu ya somo mmeimaliza.

Njia ya upitishaji ni kitu chochote kinachobeba habari kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kompyuta hugeuza kila kitu, iwe barua, picha au sauti, kiwe mfululizo wa moja na sufuri. Hizo moja na sufuri huweza kubebwa na umeme katika shaba, na mwanga katika kioo, au na mawimbi ya redio hewani. Njia zenye waya ni zile mbili za kwanza. Njia zisizo na waya ni za mawimbi.

2. NJIA ZENYE WAYA

(a) Waya wa jozi zilizosokotwa

Huu ndio tuliouvuta kwenye mikaratusi. Ukiupasua ganda utaona nyaya ndogo nane za shaba, zilizopangwa jozi nne: ya rangi ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Kila jozi ina waya mmoja wa rangi kamili na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyohiyo, na wawili hao wamesokotwa kama nywele za kusuka.

Kwa nini zisokotwe? Wengi hudhani ni kwa ajili ya nguvu. La hasha! Waya wenye umeme hutoa mawimbi, na pia hunasa mawimbi ya nyaya jirani. Ndiyo maana zamani mtu akipiga simu aliweza kusikia mazungumzo ya watu wengine. Nyaya mbili zikisokotwa, kelele inayotoka nje huzigusa zote mbili kwa kiasi sawa. Chombo kilicho mwishoni hutazama tofauti iliyopo kati ya nyaya hizo mbili tu, kwa hiyo kelele iliyo sawa pande zote mbili hufutika. Wazo hili lilipewa hataza mwaka 1881 kwa jina la Alexander Graham Bell, yule yule wa simu. Zaidi ya miaka mia moja na arobaini baadaye, bado tunalitumia.

Waya huu ni rahisi, hukunjika vizuri, na hata mwanafunzi anaweza kuufunga kichwa chake. Ila una kasoro zake. Kadiri umeme unavyosafiri ndivyo unavyodhoofika, na ndiyo sababu kiwango chake kikawekwa mita 100 kutoka chombo kimoja hadi kingine. Ukipita hapo, ujumbe unaanza kufika vipande vipande, kompyuta inaomba urudiwe, unarudiwa, unapotea tena. Ndiyo ile "ikaja ikapotea" yetu. Njia ya kuendelea mbele ni kuweka swichi katikati ili isome ujumbe na kuutuma upya ukiwa na nguvu.

Kasoro ya pili ni radi. Shaba hupitisha umeme, haichagui umeme wa nani. Radi ikipiga mti ulio karibu, si lazima iuguse waya. Nguvu yake huamsha umeme mkubwa wa ghafla katika kila waya mrefu ulio jirani. Tena waya ukiunganisha majengo mawili, ardhi ya jengo moja hupanda nguvu za umeme kuliko ardhi ya jengo la pili, na tofauti hiyo hutafuta njia ya kupita. Njia ilikuwa waya wetu. Na sisi Wakisii tunaishi mahali ambapo hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda milima yetu karibu kila alasiri ya msimu wa mvua, ikazaa mawingu ya radi. Kutundika shaba nje baina ya majengo huku kwetu ni kumtegea radi mlango wazi.

(b) Kebo ya koaksia

Hii mmeiona nyuma ya televisheni, ndiyo inayotoka kwenye antena. Katikati mna uzi mmoja wa shaba, ukazungukwa na plastiki, kisha wavu wa chuma, kisha ganda la nje. Wavu ule huzuia kelele isiingie. Mwingereza Oliver Heaviside aliipatia hataza mwaka 1880. Mitandao ya kwanza ya maofisini iliyobuniwa na Robert Metcalfe na wenzake kule Marekani kuanzia mwaka 1973 ilitumia kebo ya namna hii. Ile nene iliweza kufika mita 500. Lakini kompyuta zote zilining'inia kwenye kebo moja, na ikikatika mahali pamoja, wote hunyamaza. Siku hizi katika mitandao ya ndani ya majengo imepisha jozi zilizosokotwa.

(c) Faiba, yaani nyuzi za kioo

Hapa hapana umeme, ni mwanga. Uzi wa kioo safi sana, ambao kiini chake katika faiba za safari ndefu ni kama mikromita 9, umevikwa kioo cha aina nyingine hadi ukafika mikromita 125. Viwili hivi pamoja havizidi sana unene wa unywele. Mwanga ukiingia upande mmoja hugonga ukuta wa kiini kwa pembe ndogo, ukarudishwa ndani, ukagonga tena, ukarudishwa, hivyo hivyo hadi mwisho. Mwalimu wa fizikia ametufundisha jambo hili kwa kioo na bilauri ya maji, sema wengi wetu hatukujua lina kazi gani duniani.

Aliyeonyesha kwamba kioo kinaweza kubeba habari kwa safari ndefu ni Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1966 akiwa Uingereza. Alisema tatizo halikuwa kioo chenyewe bali uchafu uliomo ndani yake. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Mkumbuke mwaka huo, nitaurudia.

Faiba hubeba habari nyingi kupita shaba, hufika makumi ya kilomita bila kuongezwa nguvu, haisikii kelele ya umeme, na kioo hakipitishi radi. Kasoro zake ni kwamba haipendi kukunjwa sana, kuiunganisha kunahitaji mashine na fundi aliyesomea, na kila mwisho unahitaji chombo cha kugeuza mwanga uwe umeme ambao kompyuta inauelewa.

3. NJIA ZISIZO NA WAYA

Mawimbi yote haya ni ya ukoo mmoja na mwanga wa jua. Kinachoyatofautisha ni masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Shikeni kanuni hii moja: mawimbi ya masafa ya chini huenda mbali na hupenya vizuizi, lakini hubeba kidogo. Mawimbi ya masafa ya juu hubeba mengi, lakini huchoka mapema na huzuiwa na kuta.

(a) Mawimbi ya redio. Humu mna simu za mkono, Bluetooth na waifai. Waifai ya kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4 au gigahezi 5. Kwa kanuni niliyoitaja, ile ya 2.4 hupita ukuta wa bweni vizuri zaidi, na ile ya 5 ina kasi zaidi ukiwa karibu. Maji hunyonya mawimbi haya, kwa hiyo shamba la migomba yenye majani mabichi yaliyolowa ni ukuta pia, hata kama macho hayauoni.

(b) Maikrowevu ya minara. Zile sahani za duara mnazoziona kwenye minara ya simu vilimani hutazamana, mnara kwa mnara. Sharti lake ni kuonana bila kizuizi. Nchi yetu ya Gusii ni kilima, bonde, kilima, bonde, ndiyo maana mtu wa kileleni ana mtandao na ndugu yake wa bondeni hupanda juu ya jiwe kutafuta. Mvua kubwa nayo hudhoofisha yale yenye masafa ya juu.

(c) Setilaiti. Hiki ni kioo cha kurudishia sauti, kilichotundikwa angani. Setilaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe ukipanda na kushuka umetembea zaidi ya kilomita 71,000, na jibu likirudi vivyo hivyo, karibu nusu sekunde imepotea. Ndiyo sababu mtu aliyepiga simu ng'ambo zamani alisema "halo" akangoja. Setilaiti za Starlink, ambazo huduma yake ilianza nchini Kenya mwezi wa Julai 2023, huzunguka kama kilomita 550 tu juu, hivyo ucheleweshaji ni mdogo sana. Lakini kwa kuwa ziko chini hazitulii mahali pamoja, na zinahitajika maelfu.

(d) Infraredi. Ni ile ya rimoti ya televisheni. Haipiti ukuta. Mtu akisimama mbele, basi.

Kuna na kisa kimoja cha kwetu ambacho vitabu vyetu vya darasani havina. Mwezi wa Julai 2020 kampuni ya Loon, ndugu ya Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa intaneti kwa maputo makubwa yaliyoelea kama kilomita 20 juu ya ardhi, yakitumia nguvu za jua. Eneo lililotajwa lilikuwa magharibi na katikati ya Kenya, na Kisii ikiwemo. Yaani kulikuwa na mnara usio na miguu juu ya migomba yetu, na wengi hatukujua! Huduma hiyo ilifungwa mwezi wa Machi 2021, kwa kuwa gharama haikushuka kiasi cha kuifanya biashara. Somo ni kwamba jambo linaweza kuwezekana kwa fizikia likashindikana kwa mfuko.

4. SAFARI YA UJUMBE MMOJA

Mara nyingi nasikia wenzangu wakisema, "Siku hizi nyaya zimepitwa, kila kitu ni hewani." Tuangalie kama ni kweli.

Waya wa kwanza wa telegrafu wa chini ya bahari kufika pwani yetu ulitandazwa mwaka 1879 kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea kusini hadi Durban. Ulikuwa shaba iliyovikwa utomvu wa mti wa Asia uitwao gutta-percha ili maji yasiingie. Reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilipanda bara ikiandamana na nguzo za telegrafu. Kwa hiyo habari za nje zilifika nchi hii kwa waya kwanza.

Kisha ikaja zamu ya anga. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na hata intaneti ilipoingia nchini miaka ya 1990 ilitegemea setilaiti kutoka nje. Ilikuwa ghali na ya polepole.

Halafu waya ukarudi kwa kishindo. Mwaka 2009, mwaka ule wa tuzo ya Kao, nyuzi za kioo zilifika Mombasa. SEACOM ilianza kazi mwezi wa Julai, na TEAMS, ambayo serikali ya Kenya ilishiriki kuijenga, inatoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, safari inayokaribia kilomita 5,000. EASSy ilifuata mwaka 2010. Mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya Fujairah hadi Mombasa huchukua karibu sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Hujapepesa jicho.

Basi mtu akisimama sokoni Kenyenya akatuma picha kwa dada yake aliye Marekani, ni nini kinachotokea? Kutoka simuni hadi mnarani, picha inakwenda kwa mawimbi. Kutoka mnarani, ama inarushwa kwa maikrowevu hadi mnara mwingine, ama inaingia kwenye faiba. Mwisho wa yote inafika Mombasa ndani ya kioo, na kuvuka bahari ndani ya kioo. Safari ya maelfu ya kilomita ni ya waya, na kipande kisicho na waya ni kifupi mwanzoni na kifupi mwishoni. Kupaza sauti ni hadi kwa jirani tu, huko kwingine kote ni kijia.

Na kijia kikikatika? Tarehe 25 Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa iliangusha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine. Wengi walizima na kuwasha simu zao wakidhani zimeharibika, kumbe aliyeumia alikuwa chini ya bahari. Ndiyo maana nchi yenye busara haitegemei kijia kimoja.

5. TUCHAGUE NJIA IPI?

Mwalimu wetu wa kompyuta alipoitisha kikao baada ya hasara ile, nilisimama nikakiri mbele ya wote kwamba nilijua habari za mita 100 na nikanyamaza. Nilitarajia kukemewa. Alinitazama, kisha akasema taratibu, "Na mimi nilijua. Sikupima." Siku ileile tulichukua utepe wa kupimia tukapima. Mita 134.

Tulijiuliza maswali manne, nami nawapa kama nilivyoyaandika daftarini:

Umbali ni kiasi gani? Mita 134, shaba haifiki bila kuwekewa swichi katikati, na katikati ni jikoni, penye moshi na mvuke.

Kuna hatari gani? Radi. Hapa shaba ya nje ilikataliwa kabisa.

Kuna kizuizi gani? Tulifikiria antena mbili zitazamane, moja ofisini na moja maabara. Lakini mikaratusi iko katikati, na haitakatwa. Tena antena ya juu ya paa huletwa chini kwa waya wa shaba, radi ile ile ingengoja pale.

Nani atasikia? Mawimbi humfikia kila mtu. Mtandao usio na waya lazima uwe na neno la siri zuri na habari zifumbwe, la sivyo ni kama kutangaza siri ya nyumba ukiwa kilimani.

Tukaafikiana: faiba isiyo na chuma ndani, ipite katika bomba lililofukiwa ardhini kutoka ofisini hadi maabara. Ndani ya maabara, ambako umbali ni mita chache, jozi zilizosokotwa zitatosha. Kwenye ukumbi, ambako watu huja na kuondoka, iwekwe waifai. Mnaona? Hakuna njia iliyo bora kila mahali. Kila moja ina mahali pake, na kazi ya mtaalamu ni kupajua.

Mtaro tuliuchimba wenyewe Jumamosi tatu, wavulana kwa wasichana, na walimu wawili waliokunja mikono ya mashati. Mtahiniwa yule aliiandika upya programu yake kutoka kichwani na katika vipande vya karatasi, akaiwasilisha siku ya mwisho. Kabla hajaondoka shuleni alinipa ushauri mmoja: kila ninachokiandika nikiweke mahali pawili. Makala haya yako mahali patatu.

HITIMISHO

Ndugu zangu, elimu ya kukariri ni kama waya uliopita mita 100. Ujumbe unaanza safari vizuri, ila haufiki kwenye maisha. Kuna wale wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya kompyuta. Mimi nimejaribu, na kama mmenifuata hadi hapa, basi kimebeba. Niliporudi nyumbani nilimsomea magokoro rasimu hii. Alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja tu: "Na ulipoona kijia ni kirefu mno kwa mtoto, mbona hukusema?" Sikuwa na jibu. Ninyi mkiona, semeni.

MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza kwa nini nyaya za jozi husokotwa. (Usijibu "kwa ajili ya nguvu".)

2. Bweni liko mita 60 kutoka ofisini, na kati yake kuna shamba la migomba. Ungechagua njia gani? Toa sababu tatu, moja iwe ya radi.

3. "Simu ya mkono haitegemei waya." Jadili kauli hii ukitumia safari ya picha kutoka Kenyenya hadi ng'ambo.

4. Tembea shuleni kwenu au nyumbani, tafuta waya mmoja wa habari, upime, kisha umwambie mwenyewe ulichokipata.